Mwenye Usukani

Msomaji, kuruka huvutia macho, lakini kutua ndiko kunakopima ujuzi. Mtazame mwewe azungukapo juu ya mashamba yetu ya ngano baada ya mavuno. Angani ana fahari ya mfalme. Hapigi bawa ila kwa nadra, na upepo unaowasumbua kunguru kwake ni kiti cha enzi. Walakini mtazame tena atakapo kutua juu ya mti. Fahari yote huiweka kando. Hupunguza mwendo, hutandaza mkia, hunyosha miguu, hupima tawi kwa jicho. Na upepo ukimsukuma ghafula katika nukta ile ya mwisho, huliacha tawi alilolichagua, akapaa, akazunguka, akaja tena. Sijapata kumwona mwewe akiona haya kwa kupaa mara ya pili. Haoni haya kwa sababu hana abiria nyuma yake amwambiaye, "Tua, tumechelewa."

Mimi nilikuwa abiria huyo. Habari nitakayokusimulia ni ya kosa langu mwenyewe, nami naiandika kwa ajili yako wewe uliye kijana kwa sababu mbili. Ya kwanza, siku moja utashika usukani wa kitu fulani, kiwe gari, duka, darasa au nyumba, na wazee kama mimi watakuwa wakisema nyuma ya kisogo chako. Ya pili, ukijaliwa umri, wewe nawe utakuwa mzee, na neno lako litakuwa zito kuliko unavyodhani.

Nyumba yangu iko Kimumu, kando ya njia iendayo Iten, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Eldoret. Alfajiri wakimbiaji hupita njiani vikundi kwa vikundi, pumzi zao zikionekana kama moshi katika baridi ya asubuhi. Wageni hutoka ng'ambo kuja kukimbia nao, na katika siku za kwanza wageni hao hushika viuno wakatweta. Si kwamba ni wavivu. Nchi yetu iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ukilinganisha pishi moja ya hewa ya Mombasa na pishi moja ya hewa ya Kimumu, utaona kuwa ya Kimumu imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika tano.

Wepesi huu humjenga mkimbiaji, lakini humdai rubani. Ndege hubebwa na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa yake. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hayana budi kuikata kwa kasi zaidi ili yaweze kubeba uzito ule ule. Kipima mwendo kilicho mbele ya rubani huendeshwa na msukumo wa hewa, kwa hiyo nacho hudanganyika: kikionyesha maili 60 kwa saa, ndege huku kwetu huwa inakwenda maili 67 au zaidi, na jua likipanda na hewa ikapata joto, tofauti huongezeka. Waweza kusema kwamba maili saba ni kidogo. Lakini nguvu ya kitu kiendacho haikui kwa kadiri ya mwendo tu. Hukua kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Hivyo ndege iletayo magurudumu yake chini katika uwanda wa Uasin Gishu huja na nguvu kubwa kwa karibu robo kuliko ile ambayo ingekuja nayo pwani, na nguvu hiyo yote lazima izuiwe kabla kiwanja hakijaisha. Nayo injini, ambayo huvuta pumzi katika hewa ile ile, huwa dhaifu wakati uo huo rubani anapoihitaji ili apae upya. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba nimechelewa.

Ndugu yangu mdogo alipofariki aliniachia mtoto wa kiume wa miaka tisa. Nilimlea pamoja na wanangu, chini ya paa moja na kwa sheria moja. Nilikuwa mwalimu wa shule, na mwalimu nyumbani kwake hasahau chaki. Mtoto yule alikuwa mtiifu kuliko wote. Nikimtuma dukani hakuuliza mvua itanyesha au haitanyesha. Alichukua fedha akaenda. Majirani walinisifu kwa malezi yangu, nami sikukataa sifa. Sikupata hata mara moja kujiuliza kama utii niliomfundisha una mpaka, na kama una mpaka, ni nani atakayemwonyesha mahali ulipo.

Kijana akakua, akapenda ndege. Alikuwa akisimama uani akiinua kichwa kila aliposikia mngurumo angani. Akasoma kwa taabu na gharama, akapata cheti cha urubani, akaanza kurusha ndege ndogo za injini moja. Siku aliponiletea picha yake amesimama kando ya bawa, niliitundika ukutani mahali palipokuwa na saa, na saa nikaihamisha. Nilijivunia. Lakini msomaji, kujivunia mtu na kumheshimu ni mambo mawili. Nilijivunia kazi yake kama mtu ajivuniavyo mti alioupanda. Machoni pangu alikuwa bado ni yule mtoto wa dukani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa Nairobi kwa shughuli iliyonishika siku nne nilipopata habari kwamba rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa miaka thelathini, atazikwa Kimumu kesho yake saa saba mchana. Yeye na mimi tulikuwa tumeahidiana, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli, kwamba atakayetangulia atasemewa neno la kuaga na atakayebaki. Kwa barabara safari ile hupita kilomita 300, na shughuli zangu hazikuweza kuniachia kabla ya asubuhi ya siku ya maziko. Nikampigia simu kijana wangu kumweleza huzuni yangu. Akaniambia kwamba Mungu si mchoyo: asubuhi hiyo hiyo alikuwa na kazi ya kupeleka ndege ya viti vinne katika shamba moja la upande wa kwetu, nalo lilikuwa na kiwanja chake. Kutoka hapo hadi Kimumu ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Mwenye ndege aliombwa ruhusa, akatoa.

Tuliondoka katika kiwanja cha Wilson, ambacho jina lake ni ukumbusho wa Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mwaka 1929, wakati ambapo wengi wa babu zetu hawakuwa wamepata kuona gari, sembuse eropleni. Tulikawia kuondoka kwa sababu ya ukungu. Kijana alikataa kuruka mpaka uinuke, nami nilikaa kwenye kiti nikitazama saa yangu kila dakika. Sikusema neno, lakini msomaji, kuna kimya kinachosema. Kila nilipoutazama mkono wangu, yeye aliniona.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Tulipita juu ya Bonde la Ufa, ziwa la Naivasha likiwaka kama bati jipya, kisha Nakuru na shimo kubwa la Menengai, kisha misitu ya Timboroa. Ndipo uwanda wetu ukafunguka mbele, vipande vya mahindi na ngano vikiwa vimeshonwa pamoja mpaka macho yalipokoma. Niliona furaha ya mtu anayerudi kwao. Ilikuwa saa sita na robo.

Kiwanja kilikuwa njia moja ya udongo mwekundu, nyembamba na fupi, iliyoelekea kaskazini. Kando yake ulisimama mti wenye mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Hata mimi nisiyejua kitu niliuona mfuko ule umenyoka na kujaa, ukielekeza kidole chake magharibi. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, mkono wetu wa kulia, ukikata kiwanja ubavuni. Ulikuja kwa vishindo: mara ukalegea, mara ukapiga.

Kijana akashuka kwa mara ya kwanza. Nilimwona akikaza mguu mmoja na kulaza usukani upande wa pili, ndege ikaenda kichwa huku na mwili kule kama kaa. Tulipokaribia ardhi upepo ulitusukuma kushoto, na njia nyekundu ikatoka chini yetu ikawa majani. Papo hapo akasukuma nguvu ya injini mpaka mwisho. Tukapanda polepole, polepole mno, miti ikipita chini ya magurudumu kana kwamba yataipangusa. Nilidhani ameshindwa. Leo najua kuwa lile lilikuwa tendo la ujuzi mkubwa kuliko yote aliyoyafanya siku ile.

Akazungusha ndege, akasema bila kunitazama, "Baba mkubwa, upepo huu sijaupenda. Nadhani twende Kapseret. Kule kuna lami pana na ndefu."

Alisema kweli. Kiwanja kikubwa cha Eldoret, kilichofunguliwa mwaka 1997 katika sehemu za Kapseret, kina njia ya lami ya kilomita tatu na nusu. Lakini Kapseret iko upande wa kusini wa mji, na Kimumu upande wa pili. Kutoka kule ningelazimika kuupita mji mzima katika msongamano wa magari ya mchana. Nikapiga hesabu nikaona jeneza linashuka na mimi niko njiani.

Nikamjibu, "Mwanangu, nyumbani ni pale, napaona. Watu wamekwisha kusimama kaburini. Tua."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kama alivyokuwa akisema siku zote tangu akiwa na miaka tisa, "Haya, baba."

Maneno yale mawili, msomaji, nayasikia mpaka leo. Hakuwa rubani aliyeyasema. Aliyeyasema alikuwa mtoto aliyepewa fedha za dukani, asiyeuliza habari za mvua.

Tukashuka tena. Safari hii alikaza macho kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba lazima. Tulifika juu ya mwanzo wa kiwanja, tukawa karibu kugusa, ndipo upepo ukalegea ghafula, na ndege, iliyokuwa ikiegemea upepo ule kama mzee aegemeavyo fimbo, ikakosa fimbo yake. Ikadondoka. Magurudumu yakapiga ardhi kwa kishindo, ndege ikaruka kama mpira, ikaja chini mara ya pili kwa gurudumu la mbele, na upepo ukarudi kwa hasira. Ukaushika mkia na kuusukuma, pua ikageukia mashariki kama ile ya kuku wa chuma juu ya paa anayeonyesha utokako upepo. Kijana alikanyaga kwa nguvu zake zote, na nikaona kwa macho yangu jambo ambalo halijanitoka moyoni: mikono na miguu ya mtu hodari ikifanya yote ipasayo kufanya, na chombo hakisikii. Bawa la kulia likainuliwa, la kushoto likachora ardhi, tukaacha kiwanja, tukapita katika majani marefu, tukaingia mtaroni. Rafadha ikapiga udongo ikapinda. Kisha kimya.

Katika kimya kile nilimsikia akipumua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, lakini wa kulia ulikuwa ukifunga mafuta na kuzima swichi, moja baada ya moja, kwa utaratibu, kama aliyefundishwa vyema. Akasema, "Toka, baba. Toka upesi, nenda mbali." Nami, damu ikinitiririka usoni, nilitii. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kwa amri kutoka kwake kuja kwangu.

Nilifika Kimumu jioni, kichwa kimefungwa kitambaa. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na maua yameanza kunyauka. Neno la kuaga nilililoahidi lilisemwa na mtu mwingine, na naambiwa alisema vizuri. Kama tungalikwenda Kapseret ningalichelewa kwa robo saa. Nilikataa kupoteza robo saa, nikapoteza siku, na kwa upana wa kidole kimoja nusura nipoteze watu wawili.

Katika majuma yaliyofuata nilisoma na kuuliza mengi kuhusu kutua, kwa maana mtu aliyeumwa na nyoka hujifunza majina ya nyoka. Nikakuta kwamba upepo ulikuwa mwalimu mkali tangu siku ya kwanza. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka mara nne tarehe 17 Desemba 1903, na mara ya nne walikaa angani nukta 59. Baada ya hapo, ndege ikiwa imekaa chini, upepo uliishika ukaibingirisha ukaivunja, isiruke tena. Upepo haukujali kwamba ilikuwa imekwisha kutua. Basi ndege haijatua ati kwa sababu magurudumu yamegusa ardhi. Imetua ikisimama na kufungwa.

Nikakumbuka pia jambo lililotokea kwetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2019 ndege ya abiria iliyoruka kutoka Lodwar ilidondosha gurudumu moja. Hakuna awezaye kulirudisha gurudumu angani. Lakini marubani wake hawakuharakisha. Waliileta Eldoret, katika lami ile ile ndefu niliyoikataa mimi, wakaiteremsha, na watu wote wakatoka salama. Wao walikuwa na ndege yenye kasoro na wakachagua mahali pema. Sisi tulikuwa na ndege nzima, nami nikachagua mahali pabaya.

Na nani miongoni mwetu aliyesahau Bukoba? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilikuwa ikishuka Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ikaanguka katika ziwa Viktoria karibu kabisa na kiwanja. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao, na watu 24 wakaokolewa. Watu 19 walikufa, pamoja na marubani wote wawili. Sitaji msiba huo ili nimhukumu mtu. Nautaja ili ujue kwamba kati ya mtu na nyumbani kwake aghalabu hubaki sehemu ndogo sana ya njia, nayo ndiyo idaiyo uangalifu wote. Safari ndefu haikukosesha. Kukaribia kwako ndiko kukukosesha, kwa maana mtu akiona paa la nyumba yake huamini kwamba amekwisha kufika.

Walikuja wachunguzi wa ajali. Kijana wangu, mkono wake ukiwa katika plasta, aliandika taarifa yake kwa mkono wa kulia. Alinionyesha. Alikuwa ameeleza upepo, mwendo, kishindo cha kwanza na cha pili. Mahali palipouliza kwa nini hakwenda kutua kiwanja kingine aliandika: "Uamuzi ulikuwa wangu." Basi. Jina langu halikuwamo, wala neno langu.

Nilikosa usingizi usiku ule. Ungedhani ningefurahi kufichwa. Lakini nilijiona kama mtu aliyekula deni akaona mtoto wake akilipa. Asubuhi nikavaa koti nikaenda kwa mchunguzi, nikamwambia, "Andika kwamba rubani alitaka kwenda Kapseret, nami nikamwamuru atue."

Yule bwana alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia, "Mzee, katika sheria za anga neno la mwisho ni la rubani. Abiria hana amri. Sheria haikuoni."

Nikamwuliza, "Basi nimekuja bure?"

Akajibu, "La. Sisi hatutafuti wa kulaumiwa, tunatafuta sababu ili jambo lisitokee tena. Sheria inamjua rubani peke yake, lakini sababu inawajua watu wote waliokuwamo." Akachukua kalamu akaandika.

Nilipotoka pale nilikuwa nimeelewa kitu ambacho miaka yangu yote ya ualimu haikunifundisha. Mzigo wa uamuzi hauwezi kugawanywa baada ya tendo. Nilitaka kuubeba, sikupewa. Aliyeshika usukani ndiye aliyebaki nao, ingawa mimi ndimi niliyeuongeza uzito. Kijana wangu alilazimika kufundishwa upya na kupimwa tena kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Mimi sikupimwa na mtu. Kwa hiyo nimejipima mwenyewe, na matokeo ya kipimo hicho ndiyo unayoyasoma.

Nisikilize vizuri, usije ukadhani nakufundisha kudharau wazee. Utii ni pambo la kijana, na nchi isiyo na heshima haina nyumba. Lakini heshima ina mahali pake, kama chumvi. Mkubwa aliye abiria, hata akiwa na mvi kama pamba, ni abiria. Dereva wa matatu anayeambiwa "ongeza mwendo, dereva," mpishi anayeambiwa "nyama imekwisha kuiva, pakua," muuguzi anayeambiwa "mchome tu sindano, tunajua ugonjwa wake," wote wako pale alipokuwa kijana wangu, juu ya njia nyekundu, upepo ukiwa ubavuni. Anayewaambia hatakuwako siku ya kujibu. Akiwako, sheria haitamwona. Kwa hiyo mwenye usukani anayesema "hapana" kwa adabu hamvunjii mkubwa heshima. Anamwokoa mkubwa huyo na majuto ambayo hayana mahakama.

Nawe mzee mwenzangu, kama kitabu hiki kimeanguka mkononi mwako kwa kuwa mjukuu amekiacha mezani, sina la kukuonya ila hili: neno la mtu anayependwa halina wepesi. Ukidhani umetoa rai, mwenzako amesikia amri.

Mwaka mmoja na miezi baadaye kijana wangu alinialika tena. Mke wangu aliona nina wazimu. Tulipokuwa tumefunga mikanda, kabla ya kuwasha injini, alinigeukia. Nilimwona akimeza mate kama afanyavyo mtu anayetaka kusema jambo zito kwa mkubwa wake. Akasema, "Baba mkubwa, naomba uniwie radhi. Tangu sasa mpaka tutakapokuwa chini na ndege imesimama, humu ndani hakuna mkubwa ila mimi."

Nilimwambia, "Naam, rubani." Sikupata kumwita kwa jina hilo kabla ya siku ile.

Tulikwenda Kapseret. Upepo haukuwa mkali, nami niliona lami pana imetulia mbele yetu, na kwa jicho langu lisilojua kitu kila kitu kilikuwa sawa. Tulipokaribia kugusa, alisukuma nguvu ya injini, tukapaa, tukazunguka. Sikujua kwa nini. Sikuuliza. Niliitazama mikono yangu juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nilikuwa nimeiacha saa yangu nyumbani.

Mara ya pili akatua.